Feni ya Gari Kuukuu Kwenye Mchanga wa Mweru

Gari la zamani linapoanza kuchemsha, gereji nyingi za ukanda wetu huwa na jibu moja: ng'oa feni ya mkanda, funga feni ya umeme. Feni yenyewe hutolewa kwenye Corolla iliyokufa, ikaungwa kwa nyaya mbili na swichi chini ya dashibodi, na mwenye gari akaondoka akiamini kwamba amelipunguzia gari lake miaka thelathini. Haupiti muda mrefu betri inalala. Anaambiwa dainamo imechoka, atafute altaneta, tena kubwa. Altaneta inafungwa, sasa ni mkanda unaolia kila asubuhi, waya mkuu unaopata moto, na mita ya chaji iliyoganda upande mmoja. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, lakini jumla yake ni gari lenye matatizo manne pale lilipokuwa na moja. Ninavyoona, shida inaanzia kwenye kuamua habari ya feni leo na habari ya chaji mwezi ujao, kana kwamba ni mambo mawili. Ni uamuzi mmoja, na kinachotakiwa kuukata ni barabara ambayo gari litapita siku nyingi za mwaka. Kwa barabara za pwani ya Ziwa Mweru, uamuzi huo unaangukia feni ya mkanda, na mfumo wa chaji wa wastani ulio nyuma yake.

Mantapala, wilayani Nchelenge katika Mkoa wa Luapula nchini Zambia, panafaa sana kulipimia wazo hili. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 2018 kwa ajili ya watu waliokimbia vita nchini Kongo, ambao wengi wao walipokelewa kwanza katika kituo cha Kenani, na Kiswahili walichokuja nacho sasa kinaishi jirani na Kibemba cha wenyeji. Lami inatoka Mansa hadi Kashikishi, zaidi ya kilomita 200, ikifuata bonde la Luapula. Ukiiacha, unakutana na udongo, mchanga na, mvua zikianza Novemba, matope. Gari kuukuu huku halitunzwi ili litolewe Jumapili kupigwa picha. Linabeba mihogo, linabeba magunia ya chisense, yaani dagaa wa Mweru, na usiku linaweza kuombwa limpeleke mgonjwa. Uvuvi hufungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, na ziwa likifunguliwa Machi kazi inarudi yote kwa mpigo, wakati barabara bado zimelowa. Ninaposema gari la zamani nina maana ya Land Rover za Series, Land Cruiser za mfululizo wa 40, Peugeot 404 na 504, na Volkswagen zile za injini ya nyuma: magari ambayo Ulaya na Ghuba yameshaingia kwenye klabu za wakusanyaji, lakini Afrika ya Mashariki na Kati bado hayajastaafu.

Tuanze na jambo ambalo hakuna anayelibishia. Feni ipo kwa ajili ya mwendo mdogo. Gari likishapita kilomita 60 hivi kwa saa, upepo wa mwendo unatosha kuipoza rejeta nzima, na feni, iwe ya aina gani, inazunguka tu. Mtetezi wa feni ya umeme anaishika hoja hii na kusema: basi kwa nini tuizungushe muda wote? Tuiwashe gari likiwa pole, tuizime likikimbia. Ni hoja nzuri, na ina dosari moja tu: inadhani upole wa gari ni wa aina moja. Kwenye foleni ya Nairobi, Dar es Salaam au Lusaka, gari liko pole na injini nayo iko pole. Inazunguka mara 700 kwa dakika, feni ya mkanda inapepea kwa uvivu, na joto linapanda. Kwenye mchanga wa Mantapala gari liko pole ilhali injini inakimbia. Hizo ni hali mbili zisizofanana hata kidogo, na ushauri unaozaliwa katika ya kwanza hauna haki ya kutawala ya pili.

Hesabu si ngumu. Chukua Land Rover ya Series III yenye matairi ya inchi 16. Ikienda kilomita 25 kwa saa kwa gia ya pili, ukizidisha uwiano wa giaboksi, wa giaboksi ya pili na wa difu, unapata kwamba injini inazunguka karibu mara 2,000 kwa dakika. Gari hilohilo likiwa kwenye lami kwa gia ya nne, kilomita 80 kwa saa, injini iko karibu 3,000. Kwa maneno mengine, mwendo umeshuka hadi chini ya theluthi moja, lakini feni iliyofungwa kwenye injini bado inazunguka kwa theluthi mbili za kasi yake ya lami. Ukiingiza gia nzito za kuvukia matope, tofauti inazidi: gari linatambaa na feni inavuma. Feni ya mkanda, bila swichi, bila relei na bila kipimajoto, inajua kwamba injini inafanya kazi ngumu kwa sababu imefungwa kwenye injini hiyo. Na dainamo nayo, iliyofungwa kwenye mkanda uleule, inachaji vizuri wakati huohuo. Mabingwa wa feni ya umeme huliruka jambo hili kwa kuwa wao wanafikiria taa nyekundu za barabarani. Mantapala hakuna hata moja.

Sasa tuihesabu feni ya umeme kwa bei yake ya kweli, ambayo ni ampea. Land Rover za Series II na magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1960 yalikuja na dainamo ya Lucas C40, ambayo kilele chake ni ampea 22. Tuseme ni jioni ya mvua. Taa kubwa mbili za wati 55 kila moja zinakula zaidi ya ampea 9. Taa ndogo na za dashibodi, 2 au 3. Mfumo wa kuwashia cheche, karibu 4. Wipa, 3 au 4. Tumeshafika karibu 19, na dainamo imebakiwa na kitu kidogo sana cha kuilisha betri. Ongeza feni ya umeme inayokula ampea 15, na zipo zinazokula zaidi, na ambayo kila inapoanza kuzunguka huvuta kwa sehemu ndogo ya sekunde mara mbili ya hapo au zaidi. Sasa unahitaji 34 kutoka kwenye kifaa cha 22. Zilizopungua zinatoka kwenye betri, na betri ikiisha gari halichemshi tena kwa kuwa haliwaki kabisa. Mbaya zaidi, dainamo hiyo haitoi 22 wakati wote. Injini ikiwa imeachwa izunguke bila kukanyagwa mafuta, dainamo haichaji chochote cha maana. Taa nyekundu ya chaji inayopepesa kwenye magari haya ndiyo inayosema hivyo. Yaani feni ya umeme inadai zaidi palepale ambapo dainamo inatoa kidogo kuliko popote.

Wapo wahandisi walioliona suala hili kuwa moja tangu mwanzo na wakalifunga kwenye ekseli moja. Volkswagen ile ya mviringo, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1962 ikiendeshwa na Tommy Fjastad, haina rejeta. Inapozwa kwa hewa, na feni yake imefungwa kwenye shafti ya dainamo: mkanda mmoja unazungusha vyote viwili. Porsche 911 za kupozwa kwa hewa, ambazo zimetamba katika East African Safari Classic Rally, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza mwaka 2003, zimeiweka altaneta ndani ya kitovu cha feni. Matokeo yake ni mazuri kwa namna ambayo magari ya kisasa hayajaweza kuyapita: taa ya chaji ikiwaka, dereva anajua papo hapo kwamba huenda feni pia imesimama, na anazima injini kabla haijaungua. Bjorn Waldegard alishinda mashindano hayo mwaka 2011 kwa 911. Sisemi kwamba alishinda kwa sababu ya feni. Madereva kama yeye hushinda kwa sababu nyingi. Nasema kwamba gari lililovuka vumbi la Kenya na Tanzania kwa mwendo ule lilikuwa linapozwa kwa mkanda wa mpira, na hakuna aliyeliita la kizamani.

Kielelezo ninachokipenda zaidi ni cha Peugeot, kwa sababu kinajibu pingamizi zito kuliko yote, lile la nguvu zinazopotea. Ni kweli kwamba feni ya mkanda inaila injini. Nguvu inayohitajika kuizungusha feni hupanda kwa kasi ya kutisha: ukiiongeza kasi mara mbili, nguvu inaongezeka mara nane. Kwa injini ya 404 au 504 kwenye lami ndefu, hiyo ni petroli inayotupwa, maana upepo wa mwendo ulikuwa unatosha. Peugeot hawakukimbilia mota ya umeme. Waliiacha feni kwenye puli ya pampu ya maji, wakatia kati yake sumaku ya umeme. Maji yakipata joto, swichi iliyo kwenye rejeta inapeleka umeme kwenye sumaku kupitia brashi ndogo ya kaboni, feni inashikana na puli na kuvuma. Maji yakipoa inaachiwa, inazunguka kwa hiari ya upepo. Umeme unaotumika ni wa kushikilia sumaku tu, haulingani hata kidogo na ule wa kuzungusha mota. Kazi nzito inabaki kwa mkanda. Na kwa fundi wa kijijini kuna zawadi ya ziada: sumaku au brashi ikifa, skrubu za kurekebishia nafasi zikikazwa hadi mwisho, feni inashikana na puli moja kwa moja na safari inaendelea. Kifaa kinachoharibika na kurudi kuwa kifaa sahili kuliko kilivyokuwa ni kitu adimu. Magari haya ndiyo yaliyochukua Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968 yakiwa 404, na 1975 na 1978 yakiwa 504, na 504 ikaunganishwa Mombasa na kubeba abiria wa Kenya kwa miongo. Mwenye 504 anayeing'oa sumaku hiyo ili afunge feni ya Corolla anabadilisha jibu bora kwa jibu la kawaida, na analipia.

Toyota walifika mahali pale pale kwa njia nyingine. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenye injini ya dizeli ya 1HZ, yale magari meupe ya mashirika yanayoonekana kwenye kila makazi ya wakimbizi Afrika, zina feni ya mkanda yenye kitovu cha mafuta mazito ya silikoni kinachoshika kwa joto na kulegea kwa baridi. Mashirika yenye fedha za kununua chochote yanapeleka huko gari ambalo feni yake inaendeshwa na injini. Siamini kwamba ni sadfa.

Pingamizi la pili ni la bei. Feni za umeme za mitumba zimejaa, watu watasema, na feni ya zamani ya Land Rover ikivunjika panga utaipata wapi? Kuhusu wingi wake ni kweli. Lakini feni iliyotoka kwenye Corolla ilitoka kwenye gari lenye altaneta inayotoa ampea 70 na zaidi, relei yake, fyuzi yake na waya mnene uliopimwa kwa ajili yake. Kinachouzwa gerejini ni feni peke yake. Vile vingine vimebaki kwenye mzoga. Isitoshe, ni mota ambayo imeshazunguka miaka kumi na mitano katika nchi nyingine, brashi zake zimelika, na mota iliyochoka hula ampea nyingi kuliko ilipokuwa mpya. Huioni ikifa. Feni ya mkanda ikiwa na kasoro inalia, inatikisika, mkanda unaonyesha nyuzi. Kijana yeyote akifunua boneti anaona. Mota ya umeme husimama kimya mita hamsini kabla ya kilima, na wa kwanza kujua ni mshale wa joto, ambao katika magari mengi ya umri huo umeshakufa. Mkanda wa akiba unawekwa chini ya kiti na kufungwa kwa spana mbili. Mota ya akiba hakuna anayeibeba, na ikikosekana Kashikishi safari ni ya Mansa, au kupita kwa Kongo hadi Copperbelt.

Pingamizi la maji ya kina lina uzito, na sitaki kulipunguza. Feni ya mkanda ikiingia kwenye maji inayarusha juu ya distribyuta na nyaya za cheche, na panga zake zinaweza kupinda mbele zikaikata rejeta. Feni ya umeme huzimwa kwa swichi. Lakini waliotengeneza Land Rover walilijua hilo tangu mwanzo, na utaratibu wa zamani wa kuvuka kijito kirefu ni kuulegeza mkanda na kuutoa, kuvuka, kisha kuurudisha. Ni kazi ya dakika kumi. Kwa anayevuka maji ya kina kila siku, labda inachosha kiasi cha kutafuta njia nyingine. Kwa anayevuka mara chache katika msimu wa mvua, si sababu ya kubadilisha mfumo mzima. Na feni ya umeme iliyozimwa haijawa salama kwa hilo: ikiwashwa ikiwa bado majini, mota hukwama na fyuzi hukatika, kama fyuzi ipo.

Kuna faida moja ya feni ya umeme ninayoikubali bila masharti. Inaweza kuendelea kuzunguka injini ikishazimwa, ikaondoa lile joto linalopanda baada ya gari kusimama na kuichemsha petroli ndani ya kabureta. Mwenye Peugeot aliyepaki juani Oktoba, mwezi wa joto kali kabla ya mvua, na kisha akahangaika kuliwasha, anaijua hali hiyo vizuri. Dawa yake nyingine ni kufungua boneti na kungoja, nayo haigharimu ampea yoyote.

Tukishakubaliana juu ya feni, chaji inajipanga yenyewe. Gari la pwani ya Mweru lenye feni ya mkanda halihitaji altaneta kubwa. Dainamo nzima, yenye brashi nzuri na katauti iliyopimwa, inamtosha anayesafiri mchana. Anayesafiri usiku, au anayechajia simu za nusu ya kijiji kwenye gari lake, atafaidika na altaneta, lakini ile ya kawaida: Land Rover zenyewe zilipohamia altaneta kwa Series III mwaka 1971 zilipewa Lucas 16ACR ya ampea 34, na kwa taa na wipa zilitosha. Kati ya 45 na 60 ndipo ninapopaona pazuri leo. Faida ya altaneta haiko kwenye namba kubwa iliyochapwa kwenye kibandiko. Namba ile hupimwa ikizunguka kwa kasi sana. Injini ikiwa pole hutoa sehemu tu ya hiyo. Faida yake ni kwamba, kwa kuwa haina komyuteta ya kuogopa kasi, inaweza kuwekewa puli ndogo na kuzungushwa haraka, hivyo inaanza kuchaji mapema kuliko dainamo. Anayenunua aulize inatoa ngapi injini ikiwa pole, na kama muuzaji hajui, aipime kabla ya kulipa.

Ukubwa una gharama ambazo haziandikwi kwenye kibandiko. Altaneta inayotoa ampea 70 kwa volti 14 inatoa wati 980, na kwa kuwa karibu nusu ya nguvu inayopokea hupotea kuwa joto, mkanda unalazimika kuibebea karibu kilowati 1.8, zaidi ya nguvu za farasi wawili. Mkanda mmoja mwembamba wa aina ya V, unaozungusha pia pampu ya maji na feni, hauwezi kuubeba mzigo huo kwa muda mrefu bila kuteleza. Fundi ataukaza. Ukikazwa kupita kiasi, beringi ya pampu ya maji inaliwa, na pampu ikivuja gari linachemsha, nasi tumerudi tulikoanzia tukiwa maskini zaidi. Kuna pia waya wa zamani. Katika magari mengi ya wakati ule umeme wote wa chaji unapita ndani ya mita ya ampea kwenye dashibodi, na mita hizo nyingi zimepimwa hadi 30. Ukifunga altaneta ya 60 na betri ikawa imelala, mita na waya wake ndivyo vitakavyopata moto, nyuma ya dashibodi, karibu na magoti ya dereva. Peleka waya mpya mnene kutoka altaneta moja kwa moja hadi betri, ukiwa na fyuzi yake, na badala ya mita ya ampea weka ya volti, ambayo inakuambia mengi zaidi bila kupitisha moto wowote. Magari ya Kiingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 mara nyingi yana bodi lililoungwa kwenye upande chanya wa betri. Altaneta nyingi zinataka upande hasi, na ukikosea mara moja tu diodi zake zinakufa papo hapo. Tena balbu ya taa ya chaji si pambo: kwa altaneta za kawaida, umeme unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha, na balbu ikiungua inaweza isichaji asubuhi hadi injini ikanyagwe sana.

Lakini kabla ya feni na kabla ya chaji ipo rejeta, na ninashuku kwamba magari mengi yanayofungwa feni za umeme yalihitaji kuoshwa tu. Feni haipozi maji. Inapeleka hewa kwenye mapezi ya rejeta, na mapezi yakijaa udongo na mbegu za nyasi hakuna feni itakayopenya. Ndani kuna chokaa ya maji ya kisima yaliyojazwa miaka na miaka. Lipo kava la feni, lile bati au plastiki inayozunguka panga, ambalo mafundi hulitoa ili wapate nafasi ya mikono na kulisahau. Bila hilo feni inavuta hewa kutoka pembeni badala ya kupitisha kwenye rejeta, na sehemu kubwa ya kazi yake inapotea. Upo mfuniko. Ziwa Mweru liko karibu mita 920 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji ya wazi yanachemka karibu nyuzi 97. Mfuniko mzima unaoshikilia shinikizo la baa 0.5 unakipandisha kiwango hicho hadi karibu 109. Mfuniko wenye raba iliyopasuka unazichukua nyuzi hizo kumi na mbili zote bila kumwambia mtu, na bei yake haifiki hata robo ya bei ya feni. Na themostati ambayo huku hung'olewa kwa desturi: gari lililong'olewa themostati hupoa sana asubuhi na kulika silinda zake. Irudishwe.

Kama baada ya yote hayo mwenye gari bado anataka feni ya umeme, kwa mfano kwa sababu gari lake linahamia Lusaka ambako litashinda kwenye foleni, namuunga mkono, mradi aanze na altaneta na waya, na feni iwe ya mwisho kufungwa. Aifunge nyuma ya rejeta, upande wa injini, ivute hewa. Ikiwekwa mbele inaziba upepo wa mwendo ikiwa imezimwa. Relei, fyuzi na swichi ya joto visiwe vya hiari. Kisha usiku mmoja, injini ikiwa imepata moto na imeachwa bila kukanyagwa mafuta, awashe taa kubwa, wipa na feni kwa pamoja, aweke mita ya volti kwenye ncha za betri, na asome baada ya dakika tano. Ikisoma zaidi ya 13, amefunga vizuri. Ikiwa imeshuka chini ya 12.6, betri ndiyo inayoizungusha feni, na kinachobaki ni kuhesabu ni dakika ngapi itaweza.